Habari za Lancaster, Ndege ya Vita

Mkipata nafasi leo, tokeni mwende kwenye uwanja wa shule. Mmoja wenu asimame mahali, na mwingine ahesabu hatua kubwa 31, kila hatua mita moja, kisha asimame naye. Nafasi iliyo kati yao ndiyo upana wa ndege tutakayosoma habari zake, tangu ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili. Urefu wake, tangu pua hata mkia, ni hatua 21. Katika chombo hiki kikubwa walikaa watu saba tu. Nafasi nyingine yote ilikuwa ya mitambo, ya petroli, na ya mzigo.

Jina lake ni Lancaster, nalo ni jina la mji wa Uingereza. Ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, vilivyoanza mwaka wa 1939 na kwisha mwaka wa 1945, ili ichukue mabomu usiku na kuyatupa Ujerumani. Ilifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka mitatu na zaidi. Lakini ilifanya na kazi nyingine ambazo mafundi wake hawakuzifikiri, na moja katika hizo ilifanyika katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Basi tuzifuate habari zake kwa taratibu.

Kosa lililoleta mema

Katika mji wa Manchester palikuwa na kampuni ya kutengeneza ndege, jina lake Avro, na mkuu wa wachoraji wake alikuwa Roy Chadwick. Kabla ya vita aliagizwa atengeneze ndege kubwa ya mabomu yenye injini mbili. Akaifanya, ikaitwa kwa jina la mji ule, Manchester. Kwa hesabu za karatasini injini zile mbili, zilizoitwa Vulture, zilikuwa na nguvu za kutosha. Angani mambo yakawa mengine. Injini zilipata joto kupita kiasi, zikaharibika upesi. Na moja ikifa, ile ya pili haikuweza kuishikilia ndege yenye mzigo isishuke. Marubani walianza kuiogopa ndege yao wenyewe kuliko mizinga ya adui.

Chadwick alipoona hayo hakusema kwamba kazi yake yote imekuwa bure. Alipima tena, akaona ya kuwa kiwiliwili cha ndege ni chema, na kosa ni la injini. Basi akayarefusha mabawa, akaondoa injini mbili kubwa, akatia nne zilizo ndogo zaidi, za kampuni ya Rolls-Royce, ziitwazo Merlin. Injini hizi zilikwisha kujaribiwa katika ndege nyingine na kuaminiwa. Ndege mpya iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Januari, 1941, nayo ikawa kana kwamba si ndugu ya ile ya kwanza. Ilitii mkono wa rubani, na hata injini moja ikifa iliweza kurudi nyumbani kwa zile tatu zilizosalia. Hiyo ndiyo Lancaster. Viwanda vya Uingereza vikaitengeneza mchana na usiku, na kiwanda kimoja cha Kanada kikatengeneza 430. Jumla yake zote ni 7,377.

Tena ilikuwa na jambo moja lililoipita ndege nyingi za wakati ule. Chini ya tumbo lake palikuwa na chumba kirefu cha mita 10, kisichokatwa na ukuta wala nguzo, chenye milango miwili mirefu ya kufunguka kuelekea chini. Humo mliweza kuingia mzigo wa kilo 6,300, ambao ni sawa na magunia 63 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Baadaye ziko Lancaster zilizobadilishwa zikachukua bomu moja tu lenye uzito wa kilo karibu 10,000. Likumbukeni tumbo hili, maana habari zote zifuatazo ni habari za vitu vilivyotiwa ndani yake.

Watu saba

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili lilikuwa kweli katika Lancaster kuliko mahali pengi. Rubani ndiye aliyekuwa mkuu wa chombo, hata kama mwenziwe alimpita kwa cheo cha jeshi. Kando yake alikuwapo fundi wa injini, mwenye kuangalia vipimo vya petroli, mafuta na joto. Nyuma yao, ndani ya pazia, aliketi mwenye ramani. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya mwendo na upepo kwa taa ndogo, na pazia liliwekwa ili mwanga ule usionwe na adui. Karibu naye alikuwa mwenye simu ya upepo, apokeaye na kupeleka habari. Mtu wa tano alilala kifudifudi katika pua ya kioo, akitazama chini. Huyu ndiye aliyelenga na kuyaachia mabomu. Wawili waliobaki walikuwa wapiga bunduki, mmoja mgongoni mwa ndege na mmoja mkiani, kila mtu katika kibanda chake cha kioo kizungukacho.

Kazi ya mtu wa mkiani ilikuwa ngumu sana. Alikaa peke yake, amewapa wenzake kisogo, muda wa saa saba au nane gizani. Huko juu baridi hushuka hata nyuzi 40 chini ya kiwango ambacho maji huganda. Alivaa nguo zenye nyaya za umeme za kumpasha moto, na waya ukikatika vidole viliweza kufa kwa baridi. Hakupaswa kusinzia hata kidogo, maana ndege za adui zilipenda kuja kwa nyuma.

Wengi wa watu hawa hawakutimiza miaka 25. Walitoka Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Afrika ya Kusini, na visiwa vya Karibi. Mmoja wao alikuwa Cy Grant, mtu mweusi aliyezaliwa Guyana mwaka wa 1919. Alitumika katika Lancaster kama mwenye ramani. Mwezi wa Juni, 1943, ndege yao ilipigwa juu ya Uholanzi walipokuwa wakirudi kutoka Ujerumani. Akaruka kwa mwavuli, akakamatwa, akakaa kifungoni miaka miwili hata vita vikaisha. Baadaye akawa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri huko London, na katika uzee wake alisaidia kukusanya majina ya watu wa Karibi waliotumika katika ndege za vita, yasije yakapotea.

Kwa nini waliruka usiku

Lancaster za kwanza zilipewa kikosi cha 44 mwishoni mwa mwaka wa 1941. Tarehe 17 Aprili, 1942, ndege 12 zilipelekwa mchana, zikiruka chini sana, kwenda mji wa Augsburg kusini mwa Ujerumani, ili zipige kiwanda cha injini za nyambizi. Aliyeziongoza ni John Nettleton, kijana wa Natal. Kiwanda kilipigwa, lakini ndege saba katika hizo 12 hazikurudi. Nettleton alirudi, akapewa nishani kubwa ya ushujaa kuliko zote za Uingereza. Mwaka uliofuata akafa vitani. Hapo ilithibitika tena jambo lililokwisha onekana mwanzoni mwa vita, ya kuwa ndege nzito ikienda mchana pasipo walinzi huliwa na ndege ndogo za adui kama kifaranga na mwewe. Basi wakajificha katika giza.

Lakini giza lawaficha wote wawili, mwindaji na windo. Mwaka wa 1941 Waingereza walizichunguza picha zilizopigwa na ndege zao wenyewe, wakaona ya kuwa katika marubani waliosema wamelipiga shabaha, ni theluthi moja tu waliofika hata umbali wa maili tano kutoka shabaha hiyo. Mtu asiyeweza kuuona mlango wa kiwanda hawezi kuupiga. Kwa hiyo mwezi wa Februari, 1942, wakubwa wa vita waliamua kwamba shabaha isiwe kiwanda peke yake, bali mji wenyewe, pamoja na nyumba za wafanya kazi, ili watu wa Ujerumani wavunjike moyo. Mkuu wa ndege hizo alikuwa Arthur Harris, naye aliifuata amri hiyo kwa nguvu zake zote. Tutaona matokeo yake.

Usiku nao ulikuwa na hatari zake. Wajerumani walikuwa na kurunzi kubwa za kumulika mbinguni, mizinga ya kupigia ndege, na ndege ndogo za usiku zilizoongozwa kwa rada. Nyingine zilikuwa na bunduki zilizoelekezwa juu, nazo zilikuja polepole chini ya tumbo la Lancaster, mahali ambapo wapiga bunduki hawakuweza kuona. Na ndege ilipowaka, kutoka ndani yake kulikuwa kazi, maana njia ilikuwa nyembamba, nguzo nene za mabawa zilikatiza katikati, na tundu la kutokea lilikuwa dogo kwa mtu aliyevaa mwavuli.

Sasa chukueni kalamu tupige hesabu. Kila mtu alitakiwa kwenda safari 30 kabla ya kupumzishwa. Katika miezi mibaya ya miaka ya 1943 na 1944, ndege nne katika kila mia zilipotea kila safari, na mara nyingine zaidi. Nne katika mia yaonekana ni hasara ndogo. Lakini anzeni na ndege 100, mtoe nne katika kila mia, na baki yake mtoe tena, hata mara 30. Baada ya safari 10 zitabaki 66. Baada ya safari 20 zitabaki 44. Baada ya safari 30 zitabaki 29 tu. Vijana wale walijua hesabu, nao walikula chakula cha jioni wakiviona viti vya wenzao wa jana vitupu, kisha wakapanda ndege.

Usiku wa tarehe 30 Machi, 1944, walipelekwa mji wa Nuremberg na mwezi ulikuwa unang'aa. Ndege 795 ziliondoka, za namna hii na nyingine. 95 hazikurudi, na katika hizo Lancaster zilikuwa 64. Katika vita vyote Lancaster zaidi ya 3,200 zilipotea. Na katika watu 125,000 walioruka na ndege za mabomu za jeshi la Uingereza, za kila namna, 55,573 walikufa.

Kuta za maji

Tendo la Lancaster lililosimuliwa sana ni la usiku wa tarehe 16 Mei, 1943. Katika Ujerumani ya magharibi kuna mabwawa makubwa yaliyozuiwa kwa kuta nene, na maji yake yalitumika katika viwanda vya chuma. Ukuta wa namna hiyo haubomoki kwa bomu lianguka­lo kando, wala bomu halikuweza kuendeshwa majini, kwa kuwa nyavu za chuma ziliwekwa mbele ya ukuta.

Mhandisi Barnes Wallis alipata shauri. Ninyi nyote mmewahi kurusha kijiwe bapa juu ya maji ya ziwa au mto, kikagusa maji, kikaruka, kikagusa tena na kuruka tena. Wallis alifanya bomu la mviringo kama pipa, likazungushwa kwa kasi chini ya ndege kabla ya kuachiwa. Lilirukaruka juu ya maji, likazipita nyavu, likaugonga ukuta, likazama kando yake, kisha likapasuka chini ya maji. Hapo maji yenyewe yaliushindilia ukuta nguvu za baruti. Walakini ilibidi bomu liachiwe kutoka kimo cha mita 18 tu. Kupima kimo kidogo hivyo usiku kulikuwa kugumu, hata zikafungwa taa mbili chini ya ndege, zikaelekezwa hivi kwamba nuru zake zikutane juu ya maji ndege ifikapo mita 18 kamili.

Ndege 19 za kikosi cha 617, chini ya Guy Gibson aliyekuwa na miaka 24, zilikwenda. Kuta mbili zilibomoka, za bwawa la Möhne na la Eder. Ndege nane hazikurudi, wakafa watu 53. Chini, katika mabonde, maji yaliua watu zaidi ya 1,300. Wengi wa hao hawakuwa Wajerumani, bali vibarua na wafungwa walioletwa kwa nguvu kutoka nchi za mashariki, na wengi wao ni wanawake. Walikuwa wamefungiwa kambini, hawakuweza kukimbia. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Waliokuwa chini

Mara nyingi vitabu vya vita hueleza ndege na walio ndani yake, visiwaeleze walio chini. Sisi tusifanye hivyo.

Mwezi wa Julai, 1943, Lancaster na ndege nyingine ziliupiga mji wa Hamburg usiku baada ya usiku. Zilitupa mabomu ya kubomoa mapaa, kisha maelfu ya mabomu madogo ya kuwasha moto. Mmekwisha kuona moto wa nyika: hewa ya moto hupanda juu, na hewa nyingine huja kwa kasi kutoka kando ili ishike mahali pake. Usiku wa tarehe 27 hewa ilikuwa kavu na ya joto, na mioto mingi ikaungana ikawa mmoja. Upepo ulioingia kutoka pande zote ukawa tufani, ukang'oa miti na kuwavuta watu. Waliojificha chini ya nyumba walikufa kwa kukosa hewa. Katika siku zile za Hamburg walikufa watu zaidi ya 30,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mwezi wa Februari, 1945, vita vikiwa karibu kwisha, mji wa Dresden nao uliteketezwa, wakafa watu wapatao 25,000.

Wajerumani ndio walioanza kuipiga miji ya wenzao kwa namna hii, yaani Warsaw, Rotterdam, London na Coventry, na serikali yao ilikuwa ikiua mamilioni ya Wayahudi na watu wengine wasio na silaha. Hayo ni kweli. Wako wasemao kwamba ndege hizi zilifupisha vita, kwa kuwa ziliwalazimisha Wajerumani kuweka mizinga na watu wengi kuilinda miji yao. Wako wasemao kwamba kuwachoma watoto wa mji si kazi ya askari, hata adui akiwa mwovu. Ubishi huu ulianza Uingereza yenyewe wakati wa vita, na haujaisha. Mwanafunzi mwema huzisikia hoja zote mbili kabla ya kusema neno lake. Na asemapo, awakumbuke yule kijana wa mkiani na yule mtoto wa Hamburg.

Chakula kutoka mbinguni

Mwezi wa Aprili, 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Tangu miezi mingi chakula kilikuwa kimezuiwa, na majira ya baridi yalikuwa makali. Watu walikula mizizi ya maua ya tulipu. Watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa.

Ndipo viongozi wa pande mbili waliposhauriana kwamba ndege zipite juu ya nchi ile zisipigwe, zikichukua chakula badala ya mabomu. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili Lancaster mbili zilitangulia kujaribu njia, na mkataba ulikuwa haujatiwa sahihi. Ziliruka chini kabisa, mchana, juu ya mizinga ya adui. Wale watu wa ndani walikuwa wamezoea kupigwa kila waonwapo. Safari hii mizinga ilikaa kimya. Milango mirefu ya tumbo ikafunguka, yakaanguka magunia.

Siku ile ile mamia ya ndege yakafuata. Hakukuwa na miavuli ya kushushia mizigo, kwa hiyo marubani walishuka chini hata wakawaona watu wakipunga vitambaa juu ya mapaa. Walitupa unga, nyama ya makopo, maziwa na mayai ya unga, chai, sukari na chokoleti. Hata tarehe 8 Mei, siku ambayo vita viliisha Ulaya, ndege za Uingereza zilikuwa zimekwisha kutupa tani zaidi ya 6,000, na Wamarekani nao walitupa za kwao. Katika shamba moja Waholanzi walipanga maua ya tulipu yakaandika neno la shukrani, lisomwe kutoka juu.

Kisha Lancaster zikatumwa kuwarudisha nyumbani wafungwa wa vita. Ndege iliyofanywa kwa watu saba ikachukua 24 au 25 zaidi, wameketi sakafuni wamebanana.

Ramani za nchi zetu

Vita vilipokwisha, Lancaster nyingi zilivunjwa zikauzwa kama vyuma. Nyingine zilipata kazi ya amani, kulinda bahari na kutafuta waliozama. Kikosi cha 82 kikapewa kazi ya kupiga picha nchi za Afrika ili zichorwe ramani. Kilianza Afrika ya Magharibi, kisha kikaja Kenya, kikatumia kiwanja cha Eastleigh, Nairobi. Bunduki ziliondolewa, na mle tumboni palipokaa mabomu zikawekwa kamera.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Ndege ilipanda juu sana, ikaenda kwa mstari ulionyoka kama mkulima apigaye matuta. Ikifika mwisho iligeuka, ikarudi kwa mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Kamera ilipiga picha baada ya picha, na kila picha ilifunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Kwa nini? Fumbeni jicho moja, kisha jaribuni kugusanisha ncha za vidole viwili kwa upesi. Mtakosea mara nyingi, kwa maana macho mawili ndiyo yapimayo umbali. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka pande mbili mbalimbali, ni kama macho mawili. Mchoraji akizitazama pamoja kwa chombo chake huuona mlima umeinuka na bonde limeshuka, akaweza kupima kimo chake. Mawingu yalikuwa adui mkubwa. Mara nyingi watu walingoja siku nyingi wapate asubuhi moja isiyo na wingu.

Picha za namna hiyo zilichorwa ramani nyingi za Afrika ya Mashariki za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambazo sentimita mbili zake ni kilometa moja ya nchi. Nchi hizi zilikuwa bado chini ya Waingereza, nao walizitaka ramani kwa haja zao za utawala. Hata hivyo ramani zilibaki baada ya utawala ule kuondoka, na nchi huru zilizitumia kupima barabara, visima na mashamba.

Ile iliyosalia

Jeshi la Uingereza liliiacha Lancaster ya mwisho katika mwezi wa Oktoba, 1956. Katika zile 7,377, leo ni mbili tu ziwezazo kuruka, moja Kanada na moja Uingereza. Ile ya Uingereza, yenye namba PA474, ilitengenezwa katikati ya mwaka wa 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha. Haikutupa bomu hata moja vitani. Ilitumika katika kikosi cha 82, nayo ilipiga picha katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Labda bibi au babu wa mmoja wenu aliinua macho shambani akaisikia ikinguruma juu yake.

Tarehe 28 Juni, 2012, katika mji wa London, malkia alifungua jengo la kumbukumbu ya wale 55,573. Juu ya ukuta wake pameandikwa pia kwamba jengo linawakumbuka watu wa mataifa yote waliokufa kwa kupigwa mabomu katika miaka ile. Maneno hayo hayakuwekwa upesi. Yalikawia miaka 67. Shughuli ilipokwisha PA474 ilipita juu ya watu. Milango ya tumbo lake ikafunguka kwa mara nyingine. Yakaanguka maua mekundu ya karatasi, maelfu kwa maelfu, na watu walisimama wakiyatazama yakishuka polepole.

Maswali

1. Kosa la ndege ya Manchester lilikuwa nini, na Chadwick alilitengenezaje?
2. Piga mwenyewe hesabu ya ndege 100, ukitoa tano katika kila mia badala ya nne. Ni ngapi zitakazobaki baada ya safari 30?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini moto wa Hamburg ulileta tufani.
4. Taja vitu vyote vilivyopata kuchukuliwa katika tumbo la Lancaster.
5. Kwa nini picha za ramani zilitakiwa kufunikana?